Mgonjwa Anaposema "Heri Nife": Tumsikilize Kabla ya Kumhukumu



Ndugu msomaji, katika safu yetu ya leo tunazungumzia jambo ambalo majumbani kwetu husemwa kwa sauti ya chini, au halisemwi kabisa. Ni pale mgonjwa wa muda mrefu, au mzee aliyebaki peke yake, anapowaambia watu wake kuwa amechoka na kuwa heri afe. Pengine ni kijana mzima wa mwili ambaye hasemi neno, lakini amekwishaanza kugawa vitu vyake na kuaga.

Wengi wetu tukilisikia neno hilo tunakimbilia kukemea: "Astaghfirullah, usiseme hivyo, ni haramu!" Mgonjwa hunyamaza, nasi hudhani tumemponya. Ukweli ni kwamba tumemfunga mdomo tu, na lililomsukuma kusema bado limo kifuani mwake.

Kwamba kujiua ni haramu, hilo halina mjadala. Suratun Nisaa, aya ya 29, inakataza waziwazi, na hadithi sahihi zimelitilia mkazo katazo hilo. Lakini katazo ni mwanzo wa wajibu wetu, si mwisho wake. Aliyekatazwa kuutua mzigo kwa njia ya haramu ana haki ya kusaidiwa kuubeba. Katika makala hii tutaona mzigo huo umefungwa na nini, na kila fungu linavyoweza kupunguzwa hata hapa kwetu Karatu na Ngorongoro.

Jibu alilopewa Bibi Maryam

Tuanze na Qur'an. Katika Surat Maryam, aya ya 23 hadi 26, tunasimuliwa jinsi Bibi Maryam (a.s.) alivyoshikwa na uchungu wa uzazi akiwa peke yake, mbali na watu wake, akatamani lau angelikuwa amekufa kabla ya hayo. Huyu ni mwanamke aliyetukuzwa katika Kitabu, na bado maumivu, upweke na hofu ya maneno ya watu vilimfikisha hapo.

Tuzingatie alijibiwa nini. Hakukemewa. Aliliwazwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake, akapewa tende mbivu ale na anywe, kisha akaelekezwa namna ya kujihami na maneno ya watu. Kila kilichokuwa kinamtesa kilipewa dawa yake.

Elimu ya tiba ya leo imefika karibu na hapo hapo. Dada Cicely Saunders wa Uingereza, aliyekuwa muuguzi kisha daktari, na ambaye mwaka 1967 alifungua hospisi ya St Christopher's mjini London, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa anayekaribia mwisho ni ya aina nne zilizosukwa pamoja: ya mwili, ya moyo, ya mahusiano yake na watu, na ya roho yake mbele ya Mola wake. Ukitibu moja ukaziacha tatu, mgonjwa ataendelea kulia.

Maumivu ya mwili yanatibika

Kanda yetu ya kaskazini ina wagonjwa wengi wa saratani ya koo la chakula. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwishakomaa, chakula hakipiti, na pengine hata maji yanakwama. Wapo pia wenye saratani ya shingo ya kizazi, ya matiti na ya tezi dume. Familia ikiambiwa kuwa hakuna tena upasuaji wa kuponya, husikia kana kwamba imeambiwa hakuna tena la kufanya. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Ipo huduma inayoitwa tiba shufaa, yaani kumtuliza mgonjwa na kumhudumia yeye na familia yake hata pale ugonjwa wenyewe hauponi. Dawa yake kubwa ya maumivu makali ni mofini ya maji, inayonywewa kwa kipimo. Jirani zetu wa Uganda walionyesha njia: shirika la Hospice Africa Uganda, lililoanzishwa mwaka 1993 na Dk. Anne Merriman, lilitengeneza mofini ya maji ya bei nafuu ambayo mgonjwa wa kijijini aliweza kuinywa nyumbani kwake. Hapa Tanzania, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam imekuwa kitovu cha huduma hii. Huku kaskazini zipo hospitali ya Selian mkoani Arusha, Haydom wilayani Mbulu na KCMC mjini Moshi. Aliyeko Karatu aanzie hospitali ya karibu, na aliyeko tarafa za Ngorongoro aanzie Endulen au Wasso, aulize kwa jina: "Naomba huduma ya tiba shufaa kwa mgonjwa wangu." Hospitali nyingi kati ya hizi ni za makanisa. Muislamu asione haya kuingia, kwani tiba ni tiba.

Watu wengi huiogopa mofini kwa sababu mbili. Kwanza, hudhani inaua. Mofini inayotolewa na mtaalamu, ikaanzwa kwa kipimo kidogo na kuongezwa taratibu, haimuui mgonjwa. Inampa usingizi na nafasi ya kuzungumza na watoto wake. Pili, hudhani ni kilevi, hivyo ni haramu. Wanazuoni wameruhusu dawa za namna hii kwa haja ya matibabu, zikitolewa na mtaalamu kwa kadiri ya haja. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yakiwepo au yakiwa yametulia. Mgonjwa apewe pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo.

Usafi wa mgonjwa ni sehemu ya dawa

Ndugu msomaji, jambo moja huwaondoa wageni kitandani kwa mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe, nalo ni harufu. Kidonda cha saratani kikinuka, watu hufupisha salamu, watoto huzuiwa kuingia, na mgonjwa huelewa. Hapo ndipo huanza kusema kuwa amekuwa kero. Kumbe harufu ina dawa. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji safi ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na kifunikwe kwa kitambaa safi. Wauguzi wa tiba shufaa hutumia pia vidonge vya metronidazole vilivyosagwa kuwa unga, wakavinyunyiza juu ya kidonda, na baada ya siku chache harufu hupungua sana. Muulize muuguzi akuelekeze.

Mambo mengine ni haya:

- Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, ili asipate vidonda vya kulala kwenye makalio, kiuno na visigino. Shuka lisiwe na mikunjo wala unyevu.

- Kinywa kisafishwe mara kadhaa kwa siku kwa kitambaa laini na maji yenye chumvi kidogo. Kinywa kikavu na chenye utando mweupe huzuia kula na hata kuongea.

- Akijisaidia kitandani, asafishwe mara moja, akaushwe, na astiriwe wakati wa kumsafisha. Kijana wa kiume amhudumie baba, binti amhudumie mama, kila inapowezekana. Anayehudumia avae glovu na anawe mikono kwa sabuni kabla na baada.

- Yapo maumivu ya roho ambayo hospitali haiyaoni. Mzee aliyeswali maisha yake yote anapoona nguo yake haikai tohara, hudhani swala yake imekwisha, na kwamba kuishi hakuna maana tena. Aambiwe kuwa dini ni nyepesi. Asiyeweza kusimama ataswali ameketi, na asiyeweza kuketi ataswali ubavu, kama ilivyopokewa katika Sahihi Bukhari. Asiyeweza kutumia maji atatayamamu. Mwenye mpira wa mkojo au asiyezuia mkojo atajisafisha, atatawadha wakati wa kila swala ya faradhi ukiingia, na ataswali, hata kama kitatoka kitu. Nimewaona wagonjwa waliobadilika uso kwa kuelezwa jambo hili moja tu.

Upweke na hofu ya kuwa mzigo

Mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ya tume yake kuhusu mahusiano ya watu. Ripoti ilieleza kuwa mtu 1 kati ya kila 6 duniani anateswa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Wengi wetu hudhani huo ni ugonjwa wa Ulaya, wanakoishi watu kwenye majumba ya ghorofa bila kujuana. Sisi tuna ukoo, tuna boma, tuna msikiti.

Lakini tuangalie hali ilivyo. Watoto wa Rhotia, Endabash na Mbulumbulu wako Arusha na Dar es Salaam. Vijana wengi ni madereva na waongoza watalii, wanalala porini wiki nzima. Ndani ya Ngorongoro, tangu mwaka 2022, zipo familia zilizohamia Msomera wilayani Handeni na zipo zilizobaki, na ndugu waliokuwa wakionana kila siku sasa wametenganishwa na mamia ya kilomita. Waislamu wa wilaya hizi nao tumetawanyika. Ipo nyumba iliyo ya Kiislamu peke yake katika kitongoji kizima, na mzee wake akishindwa kutembea hadi msikitini, hukosekana safu ya Ijumaa na hakuna anayeuliza. Mtu anaweza kuwa mpweke hata nyumba ikiwa imejaa wajukuu, ikiwa hakuna anayeketi naye.

Hofu ya kuwa mzigo inakwenda pamoja na upweke. Jimbo la Oregon nchini Marekani limeruhusu kisheria, tangu mwaka 1997, mgonjwa anayekaribia kufa kuomba dawa ya kumaliza uhai wake, na kila mwaka serikali yake hutangaza sababu walizozitaja wagonjwa hao. Mtu angetarajia maumivu yawe ya kwanza. Sivyo. Yanayoongoza ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, kushindwa kufanya yaliyoyapa maisha ladha, na kuona heshima imepotea. Karibu nusu yao hutaja hofu ya kuwa mzigo kwa familia. Kwa hiyo hata kwenye nchi yenye dawa zote, kinachowafikisha wengi hapo ni hofu ya kuwa hawana tena nafasi baina ya watu.

Nafasi hiyo sisi tunaweza kuirudisha. Mzee asiyeweza kushika jembe bado anaweza kuulizwa ng'ombe gani auzwe, mpaka wa shamba unapita wapi, na binti aozwe wapi. Mwambie: "Baba, shauri hili hatuliamui bila wewe," na liwe kweli. Katika hadithi qudsi iliyomo katika Sahihi Muslim, Mwenyezi Mungu atamuuliza mja Siku ya Kiama kwa nini hakumzuru mgonjwa, kwani lau angemzuru angemkuta Yeye hapo. Hakuna sadaka ya gharama ndogo yenye malipo makubwa kiasi hicho.

Huzuni nyingine ni ugonjwa

Si kila anayetamani kufa ana saratani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, ni sababu ya tatu ya vifo. Wanaume hufa zaidi kuliko wanawake, na wanaume ndio wasiosema.

Tukumbuke mwaka 2020 maradhi ya Korona yalipoingia. Watalii waliokuja Tanzania walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620,000 na kitu. Mji wa Karatu, unaoishi kwa magari ya Ngorongoro, ulinyamaza. Madereva, wapishi wa kambi na wauza vinyago walikaa nyumbani wakiwa na mikopo. Kwa mtu aliyezoea kuwa nguzo ya nyumba, jeraha la namna hiyo halionekani kwa macho.

Huzuni ya kawaida hupungua kadiri siku zinavyokwenda. Lakini mtu akikaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku, akiwa na moyo mzito, hafurahii tena alivyovipenda, usingizi umekatika, hali chakula, mwili umechoka bila kazi, anajiona hafai na anafikiria kifo, huo ni ugonjwa uitwao sonona. Si udhaifu wa imani, wala si lazima awe amerogwa. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na nafsi, akatenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyo na sababu ya wazi, akaeleza kuwa hii ya pili chanzo chake kimo mwilini na inahitaji tiba ya mwili. Imam Ghazali mwenyewe, mwaka 1095, alifikwa na hali iliyomfunga ulimi na kumkatisha chakula, mpaka matabibu wakasema maradhi yameingia moyoni. Ni nani atakayesema Ghazali hakuwa na imani?

Sonona inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu na kwa dawa. Dawa zake huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kuonyesha matokeo, kwa hiyo mgonjwa asikatishwe njiani. Dua na ruqya viendelee pamoja na hospitali, visichukue nafasi yake.

Kukataa tiba isiyofaa si kujiua

Wapo wanaouliza: mgonjwa akisema hataki tena kupelekwa Arusha kuongezwa dawa za saratani, anataka arudishwe kwake Oldeani afe mikononi mwa wanawe, je, amejiua? Jibu ni hapana. Kujiua, au kusaidiwa kufa, ni kufanya tendo la kuukata uhai. Kuacha tiba ambayo wataalamu wameona haina faida tena, huku mgonjwa akiendelea kupewa chakula anachoweza, maji, usafi na dawa ya maumivu, ni kuukubali mwisho uliopangwa na Mola. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, liliruhusu kuondoa mashine za kuendeshea pumzi pale madaktari wanapothibitisha kuwa ubongo wote umekufa bila kurejea. Hakuna aliyeita hilo kuua.

Kumsaidia mtu ajiue, kwa upande mwingine, dini imekataza, na sheria ya Tanzania pia: kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu kina adhabu ya kifungo cha maisha. Uholanzi na Ubelgiji zimeruhusu tangu mwaka 2002 na Kanada tangu 2016, nasi tunasikia mijadala yao redioni. Kwetu ambako mgonjwa wengi hawajawahi kuonja hata tone la mofini, tuanze kwa kumuuliza kama anaumwa.

Na kutamani mauti je? Katika hadithi ya Anas iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alikataza kuyatamani kwa sababu ya shida iliyompata mtu, kisha akafungua mlango: anayelazimika amuombe Mola ambakishe maadamu uhai ni heri kwake, na amchukue ikiwa mauti ndiyo heri. Mfundishe mgonjwa dua hiyo. Inamruhusu kusema kuwa amechoka.

Ukilisikia neno hilo, fanya haya

1. Keti, usikemee. Muulize kwa upole na uwazi: "Mama, umefika mahali pa kufikiria kujitoa uhai?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, humpa nafuu ya kulisema.

2. Akikubali, usimwache peke yake usiku huo, wala usiape kuitunza siri. Mwambie mtu mmoja anayemuamini, kisha mpelekeni hospitali ya karibu.

3. Ondoa hatari nyumbani. Sisi ni wakulima wa mahindi, mbaazi, ngano na vitunguu vya Mang'ola, na dawa za kuulia wadudu hukaa chini ya vitanda. Zifungiwe kwa kufuli, mbali na nyumba ya kulala. Nchi ya Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali zaidi za shambani tangu miaka ya 1990, vifo vya kujiua vilishuka kwa takriban asilimia 70. Hatari ikiwa mbali, ule muda mfupi wa giza hupita na mtu akabaki hai.

4. Aliyejaribu kujiua awahishwe hospitali bila kuchelewa. Wengi humficha kwa kuogopa kifungu cha 217, kinacholifanya jaribio hilo kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliona mwezi Januari 2025 kuwa kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Kwetu sheria bado ipo, lakini hofu ya polisi isimuue mtu ambaye daktari angemuokoa.

5. Mtoto aliye katika dhiki, au mtu anayemuonea huruma, apige simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo.

Ikiwa limekwishatokea

Familia iliyofikwa na msiba huu isiongezewe jeraha. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafii, wanasema marehemu huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kuzikwa na Waislamu, kwani ametenda dhambi kubwa lakini hajatoka katika Uislamu. Katika Sahihi Muslim imo habari ya mtu aliyehama pamoja na Tufayl bin Amr, akaugua, akashindwa kuvumilia, akajikata viungo vya vidole, akafa. Tufayl alimuona ndotoni akiwa amesamehewa, isipokuwa mikono yake imefunikwa. Mtume (s.a.w.) aliposimuliwa, aliiombea mikono hiyo msamaha. Asiyeweza kusema la kheri msibani, basi aombe dua kama hiyo.

Mwisho, tunatoa rai kwa kamati za misikiti ya Karatu na vitongoji vyake. Andikeni majina ya wagonjwa wa muda mrefu, wajane na wazee wa eneo lenu, wa dini yoyote ile, kwani jirani ni jirani. Pangeni zamu ya watu wawili wawili kila wiki, waende na sabuni, shuka safi na nusu saa ya mazungumzo. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, awatulize wenye maumivu, awaliwaze wapweke, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiiq.